Niko Kwenye Foleni

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwenye foleni, baba."

Pale pale pantoni likapiga honi. Ingekuwa honi ya daladala ningeisingizia. Hii ilikuwa ile nzito inayotoka tumboni mwa chombo, inayowarusha kunguru wote wa Feri kwa pamoja. Upande wa pili wa simu kukawa kimya kidogo.

"Mama, foleni ya meli?"

Nikamwambia mtandao unakatakata, kisha nikaikata simu mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Nimekaa juu kabisa kwenye viti vya abiria, viatu nimevua, mkoba nimeukumbatia kama watu wote wanavyoukumbatia mle ndani. Kigamboni sina ndugu, sina kiwanja, sina ninayemdai. Nilikuwa navuka tu. Tukifika ng'ambo nashuka na watu, nazunguka hadi getini, nalipa tena shilingi mia mbili, narudi na pantoni lile lile. Mia nne jumla. Sijui starehe nyingine ya bei hiyo mjini hapa.

Ni wiki tano sasa. Swali la mtoto wa miaka sita limenikaa kooni kama mwiba wa kibua.

Kugeuza

Mnaofanya kazi Posta mnaijua hesabu hii. Ukisubiri basi pale Posta linakukuta limeshajaa, kwa hiyo unatembea hadi Kivukoni linakoanzia ili upate kiti. Kiti kutoka Kivukoni hadi Kimara si jambo dogo. Kwa mtu aliyeamka saa kumi na nusu usiku, ni kama kitanda.

Sasa jioni moja ya mwezi wa tatu mvua ilinyesha ile ya kuchanganya maji ya mtaro na ya bahari. Nilifika Kivukoni nikakuta watu wamejaa hadi nje ya kituo. Geti la pantoni liko hapo hapo jirani. Nikajiambia: nikisimama hapa ni nusu saa, nikivuka nikarudi ni nusu saa, na kule angalau kuna viti.

Nikavuka.

Katikati ya mkondo chombo kilisimama kupisha meli ya makontena inayoingia bandarini. Kazini kwetu tunatoa mizigo. Miaka saba nimesikia majina ya meli kwenye simu za watu, na sikuwahi kukaa nikatazama moja ikipita. Ilikuwa inakwenda polepole sana, ndefu kama mtaa, na mtu mmoja mdogo kule juu amesimama na kikombe mkononi. Pantoni zima lilinyamaza. Hata muuza karanga aliweka ndoo yake chini.

Zikapita dakika kumi, au kumi na tano. Muda wote huo hakuna aliyeniita Mama Junior. Hakuna aliyesema "afisa, ile barua yangu imefikia wapi?" Nilishuka upande wa Kivukoni nikiwa nimelowa kama wengine, lakini kuna kitu kifuani kilichokuwa kimefungwa kwa kamba na ile kamba ilikuwa imelegea.

Nyumbani nikasema kulikuwa na foleni. Na kweli ilikuwepo.

Alhamisi iliyofuata basi lilikuwepo. Tupu. Milango wazi.

Nikalipita.

Kisingizio cha mji mzima

Hakuna uongo mtamu Dar kuliko foleni. Hauhitaji shahidi wala hauulizwi maswali. Bosi anaukubali, mke anaukubali, mchungaji anaukubali. Unaweza kuwa umekaa kitandani na taulo ukasema "niko Ubungo hapa, foleni mbaya" na mtu akakuonea huruma. Mimi niliutumia Alhamisi tisa.

Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa nafanya baya lolote. Nilikuwa nimekaa. Laiti ningekuwa na mwanaume pembeni, ningeuelewa uongo wangu. Lakini kwa nini mtu adanganye kwamba yuko kwenye karaha wakati yuko kwenye raha ya mia nne?

Nimelifikiria sana neno *kupumzika*. Kwetu mwanamke anayepumzika ni mgonjwa, au amejifungua, au ni marehemu. "Mama amepumzika" ikitumwa kwenye kundi la ukoo, watu wanaanza kuulizana msiba uko wapi. Na lile neno letu la adabu, *nikipata nafasi*, wote tunajua maana yake. Ni namna ya kusema hapana bila kumuumiza mtu. Nimekuwa nikijiambia mwenyewe nikipata nafasi tangu Junior ana miezi minane.

(Habari za baba yake sitaziandika. Mnazijua. Kila mtu ana zake, badilisha majina tu.)

Ofisini kuna kaka mmoja, naye kaachana na mkewe, watoto wako kwa bibi yao. Kila Simba au Yanga ikicheza yuko baa, na Jumatatu anatusimulia mechi kuanzia kiingilio hadi mabishano ya nje. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza watoto kawaachia nani. Mimi siku moja tu nilibaki kwenye sherehe ya kumuaga mwenzetu hadi saa mbili, watu watatu wakaniuliza, na wawili kati yao walikuwa wanawake. Mama yangu mzazi akipiga simu akasikia kelele za watu nyuma, salamu yake ya kwanza ni hiyo: "Mtoto yuko na nani?"

Kwa hiyo foleni ilinisaidia. Mtu aliyekwama njiani si mzembe, bali anaonewa. Na singo maza akionewa watu wanamwelewa. Akikaa tu, akatazama maji, hapo ndipo wanapoanza kuhesabu.

Nilivyojaribu kwa njia ya halali

Nisije nikaonekana sikujaribu.

Nilijaribu kuamka mapema zaidi, kama wanavyotushauri dada zetu wenye nyumba za vioo mtandaoni. Saa kumi kamili, kikombe cha chai, daftari, utulivu. Siku ya nne nililala kwenye kikao, na si kusinzia, nililala hasa, mpaka kalamu ikaniandika shavuni.

Nilijaribu saluni. Saluni inaruhusiwa, hakuna anayekuuliza, kwa sababu unatoka na ushahidi kichwani. Lakini kukaa saa nne umeinamishiwa shingo, watu watatu wanakusuka, televisheni inapiga kelele, na yule wa kiti cha jirani anataka kujua hivi bado hujapata mtu, hiyo ni kazi nyingine. Unalipa halafu unafanya kazi.

Vikoba vyetu Jumamosi navyo ni hivyo hivyo. Jumuiya ni hivyo hivyo. Nilikuwa natoka nyumbani kila wiki na kila ninapokwenda kuna mtu ananihitaji nishike kitu: daftari la hisa, sufuria la pilau, mtoto wa mwenzangu.

Pantoni halikuhitaji nishike chochote. Hapo ndipo nilipotaka makala hii iishie, kwa kweli. Niliianza mwezi uliopita nikiwa na hasira na nyinyi wote mnaouliza mtoto yuko na nani. Nilikuwa nimeandika nusu, nzuri tu, yenye makali. Halafu likatokea jambo likaniharibia.

Magari yalijaa

Siku hiyo meli mbili zilipishana na pantoni lilichelewa. Nilifika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Luku ilikuwa imeisha, nyumba giza, nikazunguka mlango wa nyuma nikitafuta kwa mwanga wa simu pa kukanyaga.

Dada wetu wa kazi alikuwa kwenye kibaraza, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, Junior amemlalia mapajani. Simu yake ndogo ya tochi ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Dada ana mtoto Singida, anakaa na bibi yake. Nilikuwa najua. Nilijua kama unavyojua kwamba jirani ana kisukari. Umeambiwa, umesema pole, umeendelea.

Sauti ya mtoto ilisema, "Mama, ulisema Pasaka."

Dada akajibu, taratibu, ili asimwamshe wangu: "Magari yalijaa, mwanangu. Watu walikuwa wengi sana stendi."

Nilisimama pale gizani na viatu mkononi.

Dada hakwenda stendi. Mwezi wa tatu mwishoni, siku chache kabla ya Pasaka, alikuja jikoni akaomba siku tano. Nikamwambia asubiri kidogo, ofisini tuna wakaguzi, nitamwambia. Sikumwambia. Naye hakuuliza tena, kwa sababu dada wa kazi anayeuliza mara mbili anaambiwa ana kiburi.

Yale magari yaliyojaa ni mimi.

Na zile Alhamisi tisa nilizokuwa natazama maji, mtoto wangu alikuwa na nani? Lile swali lililokuwa likinikera midomoni mwa watu lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa juu ya ndoo.

Faili ambalo halipo

Hapa niseme kazi yangu, maana bila hiyo hamtaona aibu ilivyo. Mimi ni afisa rasilimali watu. Faili za likizo za kampuni nzima ziko kwenye kabati langu. Siku 28 za likizo ya mwaka, 84 za uzazi, 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, tatu kwa baba, saa 24 za mapumziko kila wiki: nazijua kama Baba Yetu. Mwaka jana dereva wetu alipigishwa kazi Jumapili nne mfululizo. Niliandika dokezo kali kwa meneja nikinukuu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na nikashinda. Madereva waliniletea soda.

Sheria hiyo hiyo imewaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Nyumba yangu haikutajwa.

Usiku ule nilihesabu kwa vidole. Dada alikuja Januari ya mwaka jana. Siku alizotoka kwa ajili yake mwenyewe: Krismasi, siku nne. Na msiba wa mjomba wake, siku tatu, ambazo kwa ulimi wangu niliwahi kuziita "ile likizo yako".

Nilikuwa na pazia langu, bila shaka. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mimi namlipa zaidi ya mara mbili ya hiyo, na tarehe haipiti. Anakula tunachokula. Simtukani. Ukiwa na pazia zuri hivyo, unaweza kuishi mwaka mzima na nusu bila kuchungulia nyuma yake.

"Nimekosa nini?"

Ilinichukua siku tisa kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kama kikao, hadi vipengele.

Jumamosi mchana, nguo zimeanikwa, Junior yuko nje na baiskeli ya jirani. Nikamwambia, "Dada, njoo ukae hapa kidogo."

Hakukaa. Alisimama mlangoni anajifuta mikono kwenye kanga, anaifuta tena, mikono imeshakauka.

"Mama Junior, nimekosa nini?"

Vipengele vyote vikapotea. Nikaanza kuongea hovyo, kwamba hakuna kosa, kwamba Jumapili aanze kutoka, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni, siku yake, na kwamba shule ikifungwa mwezi wa sita aende Singida likizo yake yote ya mwaka. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa simu ya wizi.

"Jumapili niende wapi?"

Sikuwa na jibu. Mji huu anaoishi anaujua soko, kituo cha gari la shule, duka la Mangi na kanisa. Nilikuwa nimempa chumba kisicho na mlango.

Jumapili ya kwanza alikaa chumbani hadi saa nne, halafu akatoka akaanza kuosha vyombo. Tukagombania sufuria, tukacheka, akaosha. Jumapili ya pili alitoka na nywele amebana, gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona, na marashi. Marashi! Mwaka na nusu naishi na mtu mwenye marashi na sijawahi kuyasikia.

Swali lilikuja lenyewe mdomoni, zima zima, na sauti ya mama yangu ndani yake: unakwenda wapi, na nani? Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Una... una nauli?"

"Ninayo, Mama Junior."

Alirudi saa kumi na mbili na mahindi mawili ya kuchoma, moja la Junior. Hakusema alikokuwa. Mpaka leo hajasema, na mpaka leo inaniwasha.

Jumapili yangu

Nisiwadanganye, Jumapili imekuwa siku yangu ngumu kuliko zote. Nilidhani namjua mtoto wangu. Sikujua kwamba hali ugali ukiguswa na mchuzi upande wa kushoto. Sikujua kwamba kuna wimbo wa kupiga mswaki, na kwamba mimi siufahamu. Ikifika saa nane mchana huwa natamani kuingia kabatini nijifungie.

Na Alhamisi? Ninayo bado. Nilimwambia Dada ukweli: si foleni, navuka pantoni narudi, nachelewa kwa saa moja, na saa hiyo naihesabu upande wake. Alifikiri kidogo.

"Nilijua si foleni," alisema. "Ulikuwa unarudi unanuka samaki."

Mama yangu naye nilimwambia kwenye simu. Nilijiandaa kwa mahubiri. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Wewe unadhani kile kisima chetu kilikuwa mbali?" Akabadilisha mazungumzo, akauliza bei ya mchele.

Nimekuwa nikikipima kile kisima kichwani tangu siku ile. Hakikuwa mbali. Tulikuwa tunakiona kutoka mlangoni. Na mama alikuwa akienda jua likiwa juu ya migomba na kurudi giza limeingia, ndoo moja.

Sina uhakika kama nimetenda haki au nimehamisha tu mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Dada hivi sasa yuko Singida. Shule imefungwa, na ili yeye aende likizo imenibidi nichukue yangu, kwa hiyo Alhamisi hazipo mpaka atakaporudi. Siku 28 nilizozililia mwaka mzima nazitumia kupika uji. Fomu nilijijazia mwenyewe. Kwenye sehemu ya sababu niliandika "mapumziko".

Unakaa tu?

Jana tulikuwa tunaosha vyombo, mimi naosha, Junior anapanga vile visivyovunjika. Akaniuliza bila kunitazama, kama mtu aliyelihifadhi swali mahali salama.

"Mama, siku ile ulikuwa kwenye foleni ya meli?"

Nikazima bomba.

"Hapana. Nilikudanganya. Sikuwa kwenye foleni. Nilikuwa ndani ya pantoni."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hakuna. Nilivuka, halafu nikarudi."

Akaweka sahani. "Na mimi twende."

Hapo ndipo nilipotaka kusema ndiyo. Mate yalijaa mdomoni. Ni kitu kidogo, ni mia nne, mtoto angeona meli.

"Kwenye meli nitakupeleka Jumamosi," nikasema. "Alhamisi naenda peke yangu."

Alikunja uso, akanyamaza, akapanga vikombe viwili kwa kelele isiyo ya lazima.

"Sasa ukiwa peke yako unafanya nini?"

"Nakaa."

"Unakaa tu?"

"Nakaa tu."

Alilifikiria hilo kwa muda mrefu, kijiko mkononi.

"Mimi nikikaa tu," alisema, "unaniambia nikaoge."